Tulivyompambia Mkaguzi Chumba

Chumba cha Mama Mzee na changu vinatazamana. Katikati kuna ukumbi mwembamba, watu wawili wakikutana na ndoo lazima mmoja arudi kinyumenyume. Mama Mzee mwenyewe si mzee, hata miaka thelathini hajafika. Tulimwita hivyo kwa sababu ya mwanawe, mtoto wa miaka miwili na nusu ambaye wakati ule alikuwa hajasimama. Ukimweka mahali anakaa papo hapo, mikono juu ya magoti, anawatazama wapitao kama mwenyekiti anayesubiri kikao kitulie. Ndipo tukamwita Mzee. Hata mama yake alizoea. Utamsikia akikaripia, "Mzee, toa kiatu mdomoni," na sisi ukumbini tunacheka.

Mimi naishi na binti yangu na mjukuu. Binti yangu anafanya kazi kiwanda cha mikate, anatoka alfajiri na kurudi mchana nywele zimejaa unga. Mjukuu ana miaka minne kasoro miezi, jina lake la nyumbani ni Kijiko, kwa sababu hali mpaka apewe kijiko chake mwenyewe, kile chenye mpini uliopinda. Mimi nasafisha ngazi za jengo la ofisi, ghorofa nne, asubuhi mpaka saa sita. Kijiko nilikuwa naenda naye. Namkalisha kwenye ngazi niliyokwisha kuikausha, namwambia asiondoke hapo, halafu nashuka ngazi moja moja na tambara langu. Haikuwa raha, lakini alikuwa mbele ya macho yangu.

Mama Mzee kazi yake ilikuwa udobi, kwenye chumba cha kufulia mashuka ya hospitali. Msichana aliyekuwa akimlelea mtoto aliondoka bila kuaga. Tangu hapo Mzee akawa wa kugawanywa: leo kwa huyu, kesho kwa yule, na siku asipopatikana mtu anabebwa mgongoni mpaka kazini. Msimamizi alikwisha kumwambia mara mbili kwamba pale si mahali pa mtoto.

Ndiyo sababu sote wawili tulikwenda kuandikisha watoto kwenye kituo cha kulea watoto wadogo, kile chenye geti la bluu nyuma ya zahanati. Serikali inalipia sehemu kubwa, mzazi anaongeza kidogo. Tena kuna mama mmoja hupita pale mara mbili kwa wiki kuwanyoosha viungo watoto wazito wa kutembea. Mama Mzee aliposikia hilo alikaa chini kwenye kiti cha kitoto, bila kuambiwa.

Mkuu wa kituo alitueleza vizuri tu, kosa si lake. "Nafasi ya nafuu imebaki moja," alisema. "Haiendi kwa aliyewahi foleni. Inakwenda kwa mtoto mwenye uhitaji zaidi. Afisa wa ustawi atawatembelea Jumatano, aangalie nyumbani mnavyoishi."

Sasa sisi, katika maneno yote yale, lililotushika ni hilo la mwisho. Aangalie nyumbani. Lile la uhitaji lilipita kama upepo.

Tukirudi, Mama Mzee alikuwa anatembea mbio mbio na mtoto mgongoni. "Mama, atakaa wapi? Mimi nina ndoo na stuli moja, tena stuli yenyewe inacheza."

"Usimkalishe mgeni wa serikali kwenye ndoo," nilimwambia. "Atasema mtoto anatoka kwenye nyumba isiyo na mpango."

"Na akisema aone analala wapi?"

"Ana haki ya kuona. Nitakuazima godoro."

Nilisema kwa moyo mweupe. Mimi nimelelewa kwamba mtu wa ofisi akija kwako unampa kiti kizuri na kikombe kisicho na ufa, na mtoto anapakwa mafuta mpaka anang'aa. Hujionyeshi ulivyopungukiwa. Kwa hiyo Jumanne jioni tulihama. Tulivusha ukumbi godoro la sponji alilonunua binti yangu, pazia la maua, mkeka wa plastiki, viti viwili, vikombe sita na visahani vyake, hata saa ya ukutani ambayo haisemi kweli. Binti yangu alishika upande mmoja wa godoro huku akinong'ona, "Mama, huyu anakaguliwa au anaposwa?"

"Shika vizuri. Kwake anakuja asubuhi, kwetu mchana. Akiondoka tu tunavirudisha."

Hivyo ndivyo tulivyopanga. Usiku ule nililala mimi na Kijiko juu ya mbao za kitanda, tumetandika shuka mbili na koti langu.

Asubuhi nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Mama Mzee naye alikuwa ameomba. Nikaingia kwake kumsaidia chai. Afisa alifika saa tatu, mwanamke mpole mwenye viatu vya kamba, faili amelibana kifuani. Akakaa kwenye kiti changu, akapokea kikombe changu. Mzee alikuwa kwenye mkeka wangu, shati limenyooshwa kwa pasi mpaka kola inamchoma shingo.

"Shikamoo ya mgeni iko wapi?" afisa alimtania. Mzee akamtazama tu, kama anayesema hoja hiyo haimo kwenye ajenda.

Maswali yakaanza. "Mtoto analala hapo?"

"Hapo," Mama Mzee alijibu, na aliligusa godoro kwa kiganja.

"Anatembea?"

Mama Mzee akamweka mtoto kola sawa. Nani anataka kumtangaza mwanawe mbele ya mtu asiyemjua? "Anaanza anaanza," alisema.

Kimya kikawa kirefu, na mimi nikadhani kazi yangu ni kukijaza. "Ni mzito tu wa kuinuka," nilidakia. "Ndivyo walivyo kwao. Hata baba yake alichelewa." Baba yake sijawahi kumtia machoni.

"Ukiwa kazini anabaki na nani?"

"Hakosi mtu," alisema Mama Mzee. "Majirani ni watu wazuri sana." Na akanitazama mimi.

Afisa aliandika maneno machache, akazungusha macho chumbani, akasema, "Mmejitahidi. Chumba kizuri." Mama Mzee alinibana mkono kisirisiri kwa furaha. Na mimi nikambana.

Kisha afisa akasimama, akajipangusa, akasema, "Na huyu bibi wa mjukuu ndiye mnayetazamana naye? Basi nimalizie hapa hapa, mchana nina safari nyingine."

Nilisema, "Karibu," kwa sababu mdomo wangu umezoea kusema karibu. Lakini miguu haikutaka. Nilifungua mlango na kukiona chumba changu kama nakiona kwa mara ya kwanza: dirisha tupu, jua limejaa ndani bila haya, sakafu wazi, ukutani msumari bila saa. Kitanda mbao tupu, na juu yake shuka mbili na koti. Kijiko alikuwa amekaa chini anakula uji, kwa sababu kiti hakikuwepo.

Afisa hakukaa. Hapakuwa na pa kukaa. Alikwenda kitandani akabonyeza ubao kwa kidole.

"Mnalala hapa, mama?"

Jibu lilikuwa mdomoni, nakumbuka hata uzito wake. Godoro liko hapo mkabala, tumeliazimisha. Maneno matano. Lakini nilikuwa naitazama kalamu. Kwa Mama Mzee kalamu ilisimama kila baada ya neno, kama mtu anayetafuta la kusema. Kwangu ilikwenda yenyewe, mstari baada ya mstari, akageuza ukurasa. Ndipo nikaelewa mtihani ule ulikuwa wa nini. Yule mwanamke hakuja kuona nani kapanga chumba. Alikuja kuona nani hana.

"Ndiyo," nilisema. "Tulilala hapa."

"Na mtoto naye?"

"Naye."

Akaniwekea mkono begani. "Pole sana, mama."

Ile pole niliipokea. Nilisema asante.

Majibu yalibandikwa kwenye geti la bluu siku ya nane. Binti yangu alikwenda kuyasoma akitoka kiwandani, akarudi mbio, akanikumbatia na unga wake wote. "Kijiko kapata! Mama, hutamburuza tena kwenye ngazi zako!" Kijiko akaruka juu chini bila kujua anarukia nini. Nilicheka nao. Nilipogeuka, Mama Mzee alikuwa amesimama mlangoni kwake.

"Hongera, mama," aliniambia. "Walau mmoja wetu."

"Na wewe utapata. Watafungua nafasi nyingine."

"Mwakani, wamesema." Akatabasamu. "Wamesema Mzee anaweza kusubiri. Hali yake si mbaya."

Vitu vyangu alikwisha kuvirudisha siku ile ile ya ukaguzi. Pazia alikuwa amelifua na kulipiga pasi, mwenyewe si ni dobi. Vikombe alivisugua mpaka rangi ya dhahabu ikaanza kutoka. Kila alichokiweka chini alisema, "Mungu akuzidishie." Mtu akikutukana unaweza kumjibu. Huyu alikuwa akiniombea dua.

Kijiko akaanza kituo. Sare yake ilikuwa aproni ya kijani yenye mfuko mmoja mkubwa, na ndani ya wiki moja alikuwa anatukaripia sote: tunawe mikono, tukae duara, tusiseme wakati mwenzetu anasema. Mimi nikawa napanda na kushuka ngazi peke yangu. Kazi ikawa nyepesi, lakini moyo ulikwenda kwingine. Nilikuwa nikisugua mahali pamoja mpaka mlinzi ananiuliza, "Bibi, unatafuta mafuta hapo?"

Nilijipa sababu nyingi. Kijiko naye ni mtoto wa shida, baba yake hajulikani aliko. Ngazi si mahali pa mtoto. Sikusema uongo, tulilala kweli kwenye mbao zile. Usiku mmoja, lakini tulilala. Kila sababu niliigeuza huku na huku kama nguo ya mtumba, na kila moja ilikuwa na doa.

Ijumaa moja nilimaliza mapema, nikasema nipitie kule hospitali nimchukue Mzee walau kwa nusu siku. Chumba cha kufulia kiko nyuma, unaingia kwa mlango wa chuma. Ndani kuna mvuke kiasi kwamba mtu unamwona kiunoni kwanza ndipo uso uje. Mashine zinanguruma, sabuni inakukwangua kooni. Nilimtafuta Mzee sakafuni, sikumwona. Halafu nikamwona. Alikuwa ndani ya kitoroli kirefu cha kubebea mashuka, amezungukwa na nguo chafu, kichwa tu na mabega. Mikono juu ya ukingo. Jasho limemlowesha nywele. Mama yake alikuwa mbali kwenye pasi kubwa ya kubana, ile ambayo ukipitiwa inakula vidole, na kila akibana shuka moja anageuza shingo kumtazama, anabana, anageuza.

"Bibi!" aliita Mzee. Ndilo neno alilokuwa anasema vizuri.

Msimamizi akanikuta nikimtoa. "Wewe ndiye bibi yake?"

"Ni jirani."

"Basi wewe jirani msaidie kumwambia, maana mimi nimechoka. Mimi si mtu mbaya. Lakini mtoto akiungua hapa tunaondoka sote. Jumatatu ijayo nikimwona tena humu, mama yake asije na yeye."

Nilimbeba Mzee mpaka nyumbani. Mtoto asiyetembea ni mzito kuliko umri wake, kwa sababu hakusaidii kubebeka. Nilipumzika mara tano njiani. Mara ya tano nilimkalisha kwenye ukuta mfupi, nikamshika miguu, ile miguu laini kama ya mtoto wa siku chache, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema: ni mzito tu wa kuinuka. Ndivyo walivyo kwao.

Sikuingia ndani. Tulikwenda moja kwa moja ofisi ya ustawi, mimi na Mzee wangu mgongoni.

Afisa alinikumbuka. "Bibi! Mjukuu anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri. Huyu siye."

"Namjua huyu."

"Humjui," nilimwambia. "Msimamishe."

Alizunguka meza, akamshika Mzee kwapani, akamweka wima. Miguu ikajikunja kama kitambaa. Akajaribu tena. Kisha akamkalisha juu ya meza kati ya mafaili, akanitazama, na nikamweleza yote, kuanzia godoro, pazia, viti, vikombe, mpaka saa. Nikamweleza habari ya baba aliyechelewa kutembea. Nikamweleza kitoroli cha mashuka. Alisikiliza bila kuandika.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Kwa Mama Mzee nilisema mengi kwa ujinga. Kwangu nilinyamaza kwa akili. Nilikuwa naitazama kalamu yako."

Alikunja uso. Hakunipa pole safari hii, na nilishukuru. "Unajua nikilifungua faili hili upya nafasi ni ile ile moja? Mjukuu wako anaweza kutolewa."

"Najua."

"Binti yako anajua?"

"Atajua leo."

Akavuta kalamu. "Jumatatu asubuhi nitapita," alisema. "Sitawaambia saa ngapi. Na safari hii msiniazimie kikombe cha mtu."

Nilianza na Mama Mzee, kwa sababu ndiye niliyemwogopa zaidi. Alirudi vidole vimekunjamana kwa maji, nikamfuata chumbani kwake, nikasema nikiwa nimesimama. Alinisikiliza huku akimvua mtoto shati. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Uliponiazima ulikuwa unajua?"

"Sikujua. Wallahi sikujua."

"Ulijua lini?"

"Alipobonyeza ubao wa kitanda."

"Na mimi nilikuwa hapa, hatua nne, nasuuza vikombe vyako nikikuombea dua." Aliendelea kukunja shati lile, mara mbili, mara nne, mpaka likawa dogo kama kitambaa cha mkononi. "Mama, naomba uniache nimwogeshe mtoto."

Nikamwacha. Binti yangu yeye alipiga kelele, na kelele ni nafuu. "Umemtoa mtoto wangu kwa mkono wako! Wenzako wanawapigania wajukuu, wewe unawarudisha ngazini!" Nilimwambia nafasi haikuwa ya Kijiko. Akasema, "Hakuna nafasi yenye jina la mtu, Mama. Aliyepata kapata." Akalala kanipa mgongo siku tatu. Sikumlaumu. Hakukosea kunisema, na mimi sikuwa na haki ya kumwazimisha Kijiko furaha ya wiki tatu kisha niichukue.

Afisa alipita Jumatatu kweli, kabla ya saa moja. Mama Mzee alimkalisha kwenye ile stuli inayocheza. Mimi sikutoka nje. Nilisikia tu kalamu ikikwaruza, au labda nilidhani nasikia.

Wiki iliyofuata, asubuhi, Kijiko aliamka akavaa aproni ya kijani mwenyewe, akaifunga kamba mbele badala ya nyuma. Tulikuwa tumemwambia usiku kwamba haendi tena kituoni, naye alisema sawa, lakini usingizi ulikuwa umeifuta ile sawa. Akasimama mlangoni ananisubiri. Mlango wa mkabala ukafunguka. Mama Mzee akatoka na mtoto mgongoni, na mtoto naye yuko ndani ya aproni ya kijani iliyomfika vifundoni.

Siku zote zile hatukuwa tumesemezana. Tulikuwa tukipishana ukumbini na ndoo zetu, na yeye ndiye aliyekuwa akirudi nyuma ili asiniguse. Nikasogea ukutani wapite. Alipita. Akafika mwisho wa ukumbi, akasimama, akamgeuza mtoto kidogo mgongoni.

"Mwamkie bibi," alimwambia.

"Bibi," alisema Mzee.

"Marahaba, mume wangu. Kawe mtu mzima huko."

Mama Mzee hakucheka. Akaenda zake.

"Na mimi?" aliuliza Kijiko.

Nilimvua aproni, nikaikunja, nikamshika mkono tukaenda zetu kazini. Hakulia mpaka tulipofika ghorofa ya pili. Hapo alilia vizuri, kwa nguvu zake zote, ngazi nzima ikaitikia, watu wa ofisini wakachungulia. Nilikaa naye mpaka akamaliza. Nilimfuta kamasi kwa upande safi wa khanga.

"Mwalimu ananingoja?" aliniuliza.

"Hakungoji. Nafasi yako kapewa Mzee."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu bibi yako alisema uongo, ndiyo maana ukatangulia wewe. Wa kutangulia alikuwa yeye."

"Uongo gani?"

"Wa kunyamaza."

Alifikiri sana. Macho bado yamevimba. "Kunyamaza si uongo," alisema. "Mwalimu anasema wote tunyamaze."

Nililichovya tambara kwenye ndoo, nikalikamua, nikaanza ngazi iliyofuata. Yeye alibaki juu, kwenye ile niliyokwisha kuikausha, ananitazama ninavyosugua.